Fainali za WTA: Nani alipe, na kwa masharti ya nani?

*Mashindano ya wanawake wanane bora wa tenisi duniani yalizaliwa na wachezaji waliochoka kupunjwa. Zaidi ya nusu karne baadaye yanalipa kitita ambacho hakijawahi kuonekana katika michezo ya wanawake, na yamezua ubishi mkali kuhusu mahali kitita hicho kinapotoka.*

Jumamosi ya Novemba 8, 2025, katika ukumbi wa michezo wa Chuo Kikuu cha King Saud mjini Riyadh, Elena Rybakina wa Kazakhstan na Aryna Sabalenka wa Belarus waliingia kwenye taibreki ya seti ya pili. Rybakina alikuwa ameshachukua seti ya kwanza kwa 6-3. Sabalenka, aliyekuwa namba moja kwa ubora duniani, alihitaji taibreki hiyo ili abaki mchezoni. Hakupata hata pointi moja. Alifungwa 7-0, na mechi ikaishia hapo.

Rybakina alikuwa amecheza mechi tano na kushinda zote. Kwa kazi hiyo ya wiki moja alilipwa dola 5,235,000 za Marekani. Miezi miwili kabla, Sabalenka alipotwaa ubingwa wa Marekani mjini New York, alilipwa dola milioni 5. Wiki moja baadaye mjini Turin, Jannik Sinner wa Italia alishinda mashindano kama hayo ya wanaume, naye bila kupoteza mechi, akaondoka na dola 5,071,000. Bingwa wa wanawake alikuwa amelipwa kuliko bingwa wa wanaume.

Kwa mchezo ambao wanawake wake waliwahi kupewa sehemu ndogo tu ya zawadi ya wanaume, hilo ni jambo kubwa. Lakini fedha hizo zilitoka Saudi Arabia, nchi ambayo sheria zake kuhusu wanawake bado zinalalamikiwa. Ndiyo maana Fainali za WTA, mashindano yanayofunga msimu wa tenisi ya wanawake, zimekuwa uwanja wa ubishi ambao hauhusu raketi wala mipira.

## Wanane tu

Fainali za WTA huandaliwa na Chama cha Tenisi cha Wanawake, WTA, mwishoni mwa msimu. Kuanzia Januari hadi Oktoba wachezaji hukusanya pointi katika mashindano ya duniani kote. Saba wanaoongoza hufuzu moja kwa moja. Nafasi ya nane hupewa bingwa wa mojawapo ya mashindano manne makubwa ya mwaka iwapo yuko kati ya namba 8 na 20. Asipokuwepo, huchukuliwa na anayeshika namba 8. Kwa kanuni hiyo Barbora Krejčíková wa Jamhuri ya Cheki, bingwa wa Wimbledon, aliingia mwaka 2024 ingawa wapo waliomzidi pointi.

Wanane hao hugawanywa katika makundi mawili ya watu wanne. Kila mmoja hucheza na wenzake watatu wa kundi, na wawili wa juu kutoka kila kundi huingia nusu fainali. Mchezaji anaweza kufungwa mara moja na bado akawa bingwa, jambo lisilowezekana Wimbledon wala Paris, ambako ukifungwa unafungasha virago.

Mfumo huo unaeleza mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa malipo: katika mashindano makubwa fedha hugawanywa kwa watu 128, lakini hapa hugawanywa kwa wanane, pamoja na timu chache za wachezaji wawili wawili. La pili ni wepesi wa kuhama. Wimbledon haiwezi kuondolewa London, kwani inahitaji viwanja vingi vya nyasi na ina mizizi yake pale tangu karne ya 19. Fainali za WTA zinahitaji ukumbi mmoja wenye paa, hoteli nzuri na mtu wa kulipa. Hazina nyumba yao. Kila mkataba unapoisha, huenda kwa mwenye mfuko mnene.

> Wimbledon haihami. Fainali za WTA huhamia kwa anayelipa, na hiyo ndiyo nguvu yao na udhaifu wao.

## Dola moja ya Houston

Ili kuelewa kwa nini fedha ni suala zito kiasi hiki, ni lazima kurudi mwaka 1970. Waandaaji wa mashindano ya Pacific Southwest mjini Los Angeles walitangaza zawadi ya dola 12,500 kwa bingwa wa wanaume na dola 1,500 kwa bingwa wa wanawake. Mwandaaji mkuu, Jack Kramer, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa Wimbledon, alikataa kupunguza pengo hilo.

Gladys Heldman, mchapishaji wa jarida la World Tennis, aliandaa mashindano mbadala mjini Houston, Texas. Septemba 23, 1970, wachezaji tisa walisaini naye mkataba wa dola moja kila mmoja: Billie Jean King, Rosie Casals, Nancy Richey, Peaches Bartkowicz, Kristy Pigeon, Valerie Ziegenfuss, Julie Heldman, na Waaustralia Kerry Melville na Judy Dalton. Walijua wanaweza kufungiwa na vyama vya nchi zao, na kwamba adhabu hiyo ingewanyima nafasi ya kucheza mashindano makubwa. Walisaini hivyo hivyo.

Kutoka hapo ulizaliwa mzunguko wa mashindano ya wanawake peke yao, na mwaka 1972 mashindano ya kufunga msimu yakachezwa Boca Raton, Florida. Bingwa alikuwa Chris Evert, msichana wa miaka 17, ambaye hakuweza kuchukua zawadi ya dola 25,000 kwa kuwa bado alikuwa mchezaji wa ridhaa. Mwaka uliofuata wachezaji walikutana katika hoteli moja mjini London wakaunda WTA, King akiwa rais wa kwanza. Mwaka huohuo wa 1973 mashindano ya Marekani yakawa ya kwanza kati ya makubwa manne kulipa mabingwa wa kike na wa kiume sawa, dola 25,000 kila mmoja. Wimbledon ilichukua hadi 2007 kufika hapo.

Kuna jambo katika historia hii ambalo pande zote mbili za ubishi wa leo hulitumia. Fedha za kuanzisha mzunguko huo zilitoka kwa Virginia Slims, sigara za kampuni ya Philip Morris zilizotengenezwa mahususi kuuzwa kwa wanawake. Jina la sigara hiyo lilibandikwa kwenye mashindano kwa miaka mingi. Wanawake waliokuwa wakidai heshima yao walijengewa mchezo na bidhaa inayoua, kwa sababu wenye biashara safi walikuwa hawajawafungulia mlango.

## Miaka ya Madison Square Garden

Baada ya kuhamahama kati ya Florida na California, mashindano yalipata makazi ya kweli New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden. Yalichezwa hapo mwaka 1977, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 2000. Martina Navratilova alijenga ufalme wake humo; mataji yake manane ya mchezaji mmoja mmoja hayajafikiwa na yeyote. Steffi Graf na Serena Williams, wanaomfuata, wana matano kila mmoja.

Katika ukumbi huo pia lilijibiwa swali lililosumbua mchezo kwa muda mrefu: je, wanawake wanaweza kucheza seti tano kama wanaume? Hoja ya kwamba wanaume hucheza seti nyingi zaidi katika mashindano makubwa, na hivyo wanastahili zaidi, imekuwa ngao ya wapinzani wa malipo sawa tangu miaka ya 1970. Kuanzia 1984 hadi 1998 fainali ya mashindano haya ilichezwa kwa mtindo wa mshindi wa seti tatu kati ya tano.

Novemba 1990 Monica Seles, aliyekuwa hajatimiza miaka 17, alikutana na Gabriela Sabatini wa Argentina. Seles alichukua seti ya kwanza 6-4, Sabatini akajibu kwa 7-5 na 6-3, kisha Seles akafufuka na kushinda mbili za mwisho kwa 6-4 na 6-2. Mechi ilikaribia saa nne. Tangu mwaka 1901, katika mashindano ya ubingwa wa Marekani, hakukuwa na mechi kubwa ya wanawake iliyofika seti ya tano. Graf alishinda fainali mbili nyingine za seti tano, dhidi ya Anke Huber mwaka 1995 na Martina Hingis mwaka 1996.

Mtindo huo uliachwa, na tangu 1999 fainali ni ya seti mbili kati ya tatu. Lakini jibu lilikwishapatikana. Wanawake hucheza seti tatu kwa sababu waandaaji wamepanga hivyo, si kwa sababu miili yao imeshindwa.

## Kutafuta mwenyeji

Kuondoka New York kulifungua safari ndefu. Munich ilipewa mashindano mwaka 2001 ikayashika mwaka mmoja tu. Fainali haikuchezwa kabisa, kwani Lindsay Davenport alijitoa kwa kuumia na Serena Williams akapewa ubingwa. Los Angeles ilifuata, kisha Madrid.

Mwaka 2008 mashindano yaliingia Ghuba kwa mara ya kwanza. Doha, mji mkuu wa Qatar, iliyaandaa kwa miaka mitatu, na mabingwa wakawa Venus Williams, Serena Williams na Kim Clijsters. Kwa hiyo Riyadh si mji wa kwanza wa eneo hilo kulipia tenisi ya wanawake. Baada ya Doha, Istanbul ilichukua miaka mitatu, na Singapore ikachukua mitano.

Ndipo ilipokuja China. WTA ilisaini na mji wa Shenzhen mkataba wa miaka 10 kuanzia 2019, na zawadi ikaruka hadi dola milioni 14. Ashleigh Barty wa Australia aliondoka na dola milioni 4.42, malipo makubwa kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwa bingwa wa tenisi, mwanamke au mwanamume, hadi siku hiyo.

Mkataba wa miaka 10 ulidumu mwaka mmoja. Mwaka 2020 janga la Uviko-19 lilifuta mashindano. Kisha Novemba 2021 Peng Shuai, mchezaji wa China aliyewahi kuwa namba moja duniani kwa wachezaji wawili wawili, aliandika kwenye mtandao wa Weibo akimtuhumu kiongozi mstaafu wa ngazi ya juu serikalini kumlazimisha kimapenzi. Andiko liliondolewa muda mfupi baadaye, naye hakuonekana hadharani kwa zaidi ya wiki mbili. Baadaye alisema hakuwa ametoa tuhuma hiyo, lakini mazingira ya kauli zake hayakuwatosheleza wengi.

Desemba 1, 2021, WTA ilisimamisha mashindano yake yote nchini China ikidai uchunguzi wa wazi. Ni nadra chombo cha michezo kuacha fedha nyingi kiasi hicho kwa ajili ya usalama wa mchezaji mmoja. Uchunguzi haukufanyika. Aprili 2023 WTA ilitangaza kurudi China, ikisema msimamo wake haukuleta matokeo.

### Miji na miaka

- Boca Raton: 1972–1973
- Los Angeles: 1974–1976, 2002–2005
- New York: 1977, 1979–2000
- Oakland: 1978
- Munich: 2001
- Madrid: 2006–2007
- Doha: 2008–2010
- Istanbul: 2011–2013
- Singapore: 2014–2018
- Shenzhen: 2019
- Guadalajara: 2021
- Fort Worth: 2022
- Cancún: 2023
- Riyadh: kuanzia 2024

## Gharama ya msimamo

Msimamo dhidi ya China ulikuwa na bei, na waliolipa ni wachezaji. Zawadi ya jumla, ambayo janga lilikuwa limeshaishusha kutoka dola milioni 14 za Shenzhen hadi milioni 5 Guadalajara, ikabaki hapohapo Fort Worth. Mwenyeji wa mwaka 2022 alitajwa Septemba, wiki chache tu kabla ya mashindano. Tiketi hazikuwa na muda wa kuuzika, na viti vingi vilibaki vitupu.

Mwaka 2023 hali ilikuwa mbaya zaidi. Cancún, nchini Mexico, ilitangazwa Septemba kwa mashindano ya mwisho wa Oktoba. Uwanja wa muda ulijengwa haraka nje, katika msimu wa mvua na upepo, na wachezaji waliweza kufanya mazoezi ndani yake siku moja tu kabla ya mechi za kwanza. Sabalenka alieleza hadharani kwamba alijiona amedharauliwa na chama chake mwenyewe. Mvua ilikatisha mechi mara kwa mara, na fainali, iliyopangwa Jumapili, ikasogezwa hadi Jumatatu, ambapo Iga Świątek wa Poland alimfunga Jessica Pegula wa Marekani 6-1, 6-0.

Katika mashindano hayohayo Ons Jabeur wa Tunisia, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufika fainali ya mashindano makubwa tangu tenisi ifunguliwe kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968, alimshinda Markéta Vondroušová. Alipopewa kipaza sauti alilia, akasema hawezi kufurahia ushindi huku watoto wakiuawa vitani, na kwamba sehemu ya zawadi yake ingewasaidia Wapalestina. Katika jukwaa lililokuwa likiyumba, sauti ya mchezaji bado ilikuwa huru. Uhuru huo ndio ungekuwa kiini cha ubishi uliofuata.

## Riyadh yabisha hodi

Aprili 2024 WTA ilitangaza kwamba mashindano yatachezwa Riyadh kwa miaka mitatu, 2024 hadi 2026. Zawadi ya mwaka wa kwanza ilikuwa dola milioni 15.25, ongezeko la karibu asilimia 70 juu ya milioni 9 za Cancún. Mwezi uliofuata Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, PIF, ukawa mshirika wa WTA duniani kote, na jina lake likawekwa kwenye orodha ya ubora ya wachezaji.

Tenisi haikuwa peke yake. Kwa miaka kadhaa mfuko huo ulikuwa umeingia katika gofu, soka, ndondi na mbio za magari. Wanaume wa tenisi walikuwa wamesaini nao miezi michache kabla, na mashindano yao ya vijana yalikuwa tayari Jeddah. Tofauti ni kwamba WTA ilizaliwa kutetea haki za wanawake, na kwa hiyo swali la kupokea fedha za Saudia liliulizwa kwake kwa ukali zaidi.

## Wanaopinga

Sauti kali zaidi zilitoka kwa wajenzi wa mashindano yenyewe. Januari 2024 Chris Evert na Martina Navratilova waliandika pamoja katika gazeti la Washington Post wakiitaka WTA isiende Riyadh. Kwa maoni yao, kuipa Saudi Arabia taji la msimu ni kurudi nyuma, kwa kuwa ni nchi inayowanyima wanawake usawa na inayoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Navratilova alijulikana hadharani mwaka 1981 kuwa anapenda wanawake, na hapo alikuwa akitetea maisha yake mwenyewe.

Hoja ya pili ni ya matumizi ya michezo kusafisha sura ya serikali. Wanaharakati hutaja kisa cha Loujain al-Hathloul, aliyepigania wanawake waruhusiwe kuendesha magari. Alikamatwa Mei 2018, wiki chache kabla ya ruhusa hiyo kutolewa rasmi, na hakuachiwa hadi Februari 2021. Mageuzi yalikuja, lakini aliyeyadai alikuwa gerezani. Vilevile, sheria ya familia ya mwaka 2022 bado inamtaka mwanamke awe na mlezi wa kiume ili ndoa yake ifungwe.

## Wanaounga mkono

Binti Mfalme Reema bint Bandar, balozi wa Saudi Arabia nchini Marekani, aliwajibu Evert na Navratilova kwamba maoni yao yamejengwa juu ya picha ya zamani, na kwamba yanawapuuza wanawake wa Saudia waliopigania hatua zilizofikiwa. Tangu 2018 wanawake wanaingia viwanjani na kuendesha magari. Tangu 2019 mwenye miaka 21 anapata pasipoti na kusafiri bila ruhusa ya mwanamume. Msichana wa Riyadh anayemwona Rybakina akicheza mjini kwake, hoja hiyo inasema, anapata kitu ambacho mama yake hakukipata.

Billie Jean King mwenyewe, mmoja wa wale tisa wa Houston, aliegemea upande wa kuzungumza badala ya kususa. Aliamini kwamba mabadiliko hayaji bila watu kukutana. Jabeur naye aliunga mkono, akisema wanawake wa eneo hilo wanahitaji nafasi na mifano ya kuiga. Ndiyo maana ya methali ya Waswahili: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hoja ya tatu ni ya fedha zenyewe, kwani mkono mtupu haulambwi. Machi 2025 WTA ilianzisha, kwa fedha za PIF, mfuko wa uzazi unaowalipa wachezaji likizo ya hadi miezi 12, pamoja na msaada wa matibabu ya uzazi. Wachezaji zaidi ya 320 wanastahili kunufaika. Kabla ya hapo mchezaji aliyeshika mimba alikuwa mtu aliyejiajiri: siku asiyocheza ni siku asiyolipwa. Victoria Azarenka wa Belarus, aliyejifungua mwaka 2016 na kurudi uwanjani, alikuwa mstari wa mbele kudai mfuko huo.

> Kabla ya mfuko wa uzazi, mchezaji mjamzito hakuwa na mshahara wala likizo. Siku asiyocheza ilikuwa siku asiyolipwa.

## Waliopo katikati

Wengi wa wachezaji wako kati ya pande hizi mbili. Coco Gauff wa Marekani alikwenda Riyadh mwaka 2024 akikiri kwamba ana mashaka. Alieleza kwamba alizungumza na Binti Mfalme Reema, kwamba anataka kuona mpango halisi wa kusaidia wanawake wa huko, na kwamba asiporidhika huenda asirudi. Alicheza, akamfunga Zheng Qinwen wa China katika fainali ya seti tatu, 3-6, 6-4, 7-6, na akalipwa dola 4,805,000.

Daria Kasatkina, ambaye ametangaza hadharani kwamba ana mpenzi wa kike, alikwenda kama mchezaji wa akiba baada ya kuhakikishiwa usalama wake. Pegula alipoumia, Kasatkina aliingia na kucheza na Świątek. Hakuna aliyemgusa. Wanaounga mkono waliona huo ni ushahidi kwamba wageni wako salama. Wapinzani waliuliza kama ulinzi wa mgeni wa wiki moja unamsaidia chochote mwenyeji mwenye hali kama yake.

Jambo jingine ni watazamaji. Ukumbi wa Riyadh una viti takriban 5,000, na katika siku za mwanzo za 2024 sehemu kubwa ilikuwa tupu, ingawa fainali ilivuta watu. Mashindano yasiyotegemea tiketi yanategemea mlipaji mmoja. Mlipaji huyo akiondoka, kama Shenzhen ilivyoonyesha, hakuna mashabiki wa kuyabeba.

## Fedha zinavyoshuka ngazi

Suala la haki haliishii kwa wanane. Ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya wanawake wa kulipwa, inayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, ina zawadi ya jumla ya dola 15,000 kwa shindano zima. Malipo ya Rybakina kwa wiki moja yangetosha kugharimia zawadi za mashindano ya aina hiyo 349.

Ni katika ngazi za namna hiyo ndipo wachezaji wa Afrika Mashariki hupambana. Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kushinda taji la mashindano makubwa. Machi 2024 mjini Accra alichukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika. Hata hivyo, kutoka hapo kwenda kwa wanane bora kuna mamia ya namba za ubora, na kila namba inahitaji tiketi ya ndege, kocha na hoteli. Mchezaji wa ngazi hiyo akifungwa raundi ya kwanza, zawadi yake hailipi hata nauli ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo kupima mkataba wowote kwa kitita cha bingwa peke yake ni kupima kwa kipimo kifupi. Mfuko wa uzazi unafika kwa mamia. Hundi ya bingwa inafika kwa mmoja.

## Masharti yatakayoamua

Historia ya mashindano haya haimwachi yeyote adai usafi. Yalilipiwa na sigara, yakalipiwa na miji iliyotaka kujitangaza, yakalipiwa na China, na sasa na Saudi Arabia. Kusema tenisi ya wanawake isipokee fedha mpaka apatikane mlipaji asiye na doa ni kuwarudisha wachezaji kwenye dola 1,500 za Los Angeles. Lakini kusema fedha ni fedha tu ni kuwasaliti wale tisa. Wao walisaini kwa dola moja ili wawe na usemi juu ya kazi yao, na nyongeza ya malipo ilikuwa tunda la usemi huo.

Usemi huo una vipimo vinavyoonekana. Mchezaji awe huru kusema anachoamini ndani ya ukumbi, kama Jabeur alivyosema Cancún, bila kuogopa mkataba wa mwenyeji. Yeyote aliyefuzu aingie nchini na kucheza, awe wa taifa lolote, dini yoyote na maisha yoyote. Ahadi za kukuza mchezo kwa wasichana wa nchi mwenyeji ziandikwe, zipimwe na matokeo yatangazwe kila mwaka. Sehemu inayoeleweka ya fedha ishuke hadi kwa walio chini ya 100 bora. Na kusiwe na mlipaji mmoja anayeshika kwa pamoja mashindano ya mwisho wa msimu, orodha ya ubora na mifuko ya ustawi, kiasi kwamba kumkosoa ni kuhatarisha vyote.

Sharti la mwisho ndilo gumu zaidi, na ndilo WTA ilijifunza kwa maumivu Shenzhen. Chama kilichoweka karibu mayai yake yote katika nchi moja kilijikuta kikichagua kati ya mchezaji wake na mapato yake. Kilichagua mchezaji, na hilo litabaki kuwa heshima yake. Mkataba wa kwanza wa Riyadh umepangwa kuishia 2026. Mji wowote utakaopewa miaka inayofuata, bei iliyotajwa haitatosha kueleza kama uamuzi ulikuwa mzuri. Kitakachoeleza ni kama, likitokea jingine kama la Peng Shuai, wachezaji wataweza tena kusimama na mwenzao bila kupoteza mashindano yao.